Kinyama Kwenye Mlango wa Kizazi: Usikae Nacho Kimya

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Nuu)



Leo tuongee waziwazi kuhusu jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: kutokwa na damu wakati ambao si wa hedhi. Mimi ni mtu wa habari, si daktari. Ninayowaambia ni yale wahudumu wa afya wanayofundisha.

Wakati mwingine chanzo ni kinyama laini, chekundu, kinachoota kwenye mlango wa kizazi. Madaktari hukiita polipu. Huonekana zaidi kwa waliovuka miaka 40 na waliowahi kuzaa. Wengi hawahisi lolote. Wengine huona damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya mwezi, au hata baada ya hedhi kukoma.

Wanaume, nanyi msikie: kinyama hiki si ushahidi wa uzinzi, hakiambukizwi, wala si laana. Usimfukuze wala kumtesa mke wako, msindikize hospitalini.

Karibu vyote si saratani. Daktari hukishika kwa kifaa kama koleo ndogo, akakizungusha hadi kitoke. Mara nyingi ni kazi ya dakika chache, bila kulazwa. Kisha hupelekwa maabara kuchunguzwa. Usijaribu kukivuta mwenyewe, wala usiweke dawa za mitishamba ukeni.

Kama si saratani, mbona tuharakishe? Kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi huweza kuleta dalili hizohizo, nayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini. Ukiwa nyumbani huwezi kutofautisha. Susu aliyekwisha kukoma hedhi, akiona hata tone moja, asingoje.

Anzia hospitali ya Nuu au zahanati iliyo karibu nawe. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda Mwingi au Kitui. Hata bila dalili, wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa kupimwa saratani hii. Na binti akifika miaka 10, apate chanjo ya HPV, ambayo serikali ilianza kuitoa kote nchini mwaka wa 2019.

Ukipimwa ukaambiwa ni kinyama tu, utarudi nyumbani ukiwa na amani. Ukiambiwa ni zaidi ya hapo, utakuwa umewahi matibabu.