Karata za Watu Wawili Wasioshindana

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa ili msomaji ayafuate pole pole baada ya kuyasikia.

Somo letu la leo ni la mchezo. Huenda mtu akauliza: Je, sisi watu wazima tunaojifunza kusoma na kuhesabu, tuna haja gani na mchezo? Ngojeni kidogo. Mchezo huu una hesabu ndani yake, una kusoma ndani yake, tena una jambo kubwa zaidi, nalo ni namna ya kumwambia mwenzako neno akalielewa.

Karata tulizozizoea ni za kushindana. Kila mtu huficha zake na kuvizia turufu, na mmoja akicheka mwingine amenuna. Tena kwa watu wengi neno karata huleta fikira ya kamari, na kweli ziko nyumba ambazo fedha ya chakula imepotelea huko. Mchezo wa leo si wa namna hiyo. Hauna fedha, hauna turufu, wala hakuna mmoja anayemshinda mwenzake. Mume na mke wako upande mmoja. Hushinda pamoja au hushindwa pamoja.

Jina lake ni Hanabi. Msidhani nasema kwamba mtu fulani hana kitu! Hilo ni neno la Kijapani, na maana yake ni fataki, zile zinazorushwa juu usiku wa sikukuu zikatawanya moto wa rangi nyingi. Lakini aliyeutunga mchezo ni Mfaransa, Antoine Bauza. Ulitolewa mwaka 2010, na mwaka 2013 ulipata tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, iitwayo Spiel des Jahres. Huchezwa na watu 2 hadi 5. Leo tutausoma kwa watu 2, yaani wewe na mwenzako wa nyumbani.

VITU VINAVYOTAKIWA

Mchezo huu huuzwa dukani katika nchi nyingi. Lakini kwa kujifunza nyumbani waweza kutengeneza karata zako mwenyewe, nayo ni kazi nzuri ya kuandika namba.

Chukua karatasi nene ya manila, ukate vipande 50 vilivyo sawa, ukubwa wa kiganja. Karatasi iwe nene kweli, maandishi ya mbele yasionekane nyuma. Zigawe katika rangi 5: nyeupe, nyekundu, buluu, manjano na kijani. Kila rangi ina karata 10. Kama huna penseli za rangi, chora alama 5 mahali pa rangi: nyota, mwezi, jua, ua na samaki.

Sasa andika namba. Katika kila rangi andika hivi:

Namba 1, karata 3.
Namba 2, karata 2.
Namba 3, karata 2.
Namba 4, karata 2.
Namba 5, karata 1 tu.

Jumlisha uone: 3 na 2 na 2 na 2 na 1 ni 10. Rangi 5 mara karata 10 ni 50.

Kisha tafuta punje 8 za maharagwe na njiti 3 za kibiriti. Maharagwe ni ya kulipia maneno. Njiti ni za kuhesabia makosa.

NAMNA YA KUSHIKA KARATA

Kaeni mkielekeana, taa iwe kati yenu. Changanyeni karata vizuri, kila mtu apewe 5. Zinazobaki ziwekwe chini kifudifudi, hilo ndilo rundo.

Hapa ndipo ilipo ajabu ya mchezo huu. Usitazame karata zako! Zishike migongo yake ikuelekee wewe, na nyuso zake zimwelekee mwenzako. Yeye anaziona zako zote, wewe huzioni. Nawe unaziona zake zote, yeye hazioni.

Kazi yenu ni kupanga karata chini kwa kila rangi, kuanzia 1, kisha 2, kisha 3, 4 na 5. Huwezi kuruka. Nyekundu 2 haishuki kabla ya nyekundu 1.

Zamu yako ikifika, fanya jambo moja kati ya haya matatu.

Jambo la kwanza ni kumpa mwenzako dokezo. Mwonyeshe kwa kidole karata zake zote za rangi moja, au zote za namba moja, useme ni zipi. Useme rangi au namba, si vyote viwili. Tena uonyeshe zote, usibakize hata moja. Kila dokezo hulipiwa punje 1, nayo hutolewa na kuwekwa pembeni. Punje zikiisha, hakuna kudokeza.

Jambo la pili ni kuweka kando. Chukua karata yako moja usiyoihitaji, iweke kando kifunuo, na karata hiyo hairudi tena. Kwa kufanya hivyo mnarudishiwa punje 1. Lakini kama punje zote 8 zipo, huruhusiwi kuweka kando.

Jambo la tatu ni kushusha. Chagua karata yako moja uiweke chini mbele yenu. Kama inafuata katika mstari wa rangi yake, vema. Kama haifuati, huwekwa kando na njiti 1 huwashwa. Njiti ya tatu ikiwaka, mchezo umekwisha nanyi mmeshindwa. Bali mkishusha namba 5 mahali pake, mnapewa zawadi ya punje 1 kama ipo iliyotolewa.

Ukiisha kuweka kando au kushusha, chukua karata mpya katika rundo, bila ya kuitazama. Karata ya mwisho ya rundo ikichukuliwa, kila mtu ana zamu moja tu iliyobaki.

MFANO

Tuseme mchezo unaanza. Bwana anatazama karata za bibi anaona hivi: nyekundu 1, buluu 3, kijani 1, nyeupe 5, manjano 2. Chini hakuna kitu bado.

Bwana anasema, "Mama, hii na hii ni moja." Punje zimebaki 7. Bibi anafikiri: chini hapana karata, basi 1 ya rangi yo yote itafaa. Naye bwana asingenionyesha zote mbili kama zingekuwa rangi moja. Anashusha ya kwanza, nayo ni nyekundu 1.

Zamu ya bwana. Safari hii anasema, "Mama, hii ni tano." Punje zimebaki 6. Kwa nini amesema hivyo, na 5 haiwezi kushuka sasa? Kwa sababu nyeupe 5 ni moja tu katika karata zote 50. Bibi akiiweka kando bila kujua, mstari wa nyeupe hautakamilika kamwe. Basi bibi anaitunza, na kwa zamu yake anashusha kijani 1.

Mpaka hapa mambo ni mazuri. Sasa tuone yanavyoharibika. Bwana anasema, "Mama, hii ni manjano." Neno hilo ni kweli, ile ni manjano 2. Lakini bibi amekwisha kuona kwamba karata anazodokezwa huwa zafaa kushuka. Anaishusha. Manjano 1 haipo chini! Njiti ya kwanza inawaka.

Je, kosa ni la nani? Bwana atasema, "Mimi sikusema uishushe." Bibi atasema, "Basi uliniambia kwa nini?" Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugomvi huingia. Lakini fikiri. Bwana alisema kweli, ila alisema mapema mno, kabla bibi hajawa na njia ya kuitumia kweli hiyo. Neno la kweli likija wakati usiofaa laweza kupoteza kama uwongo. Katika mchezo huu haitoshi kujiuliza, "Je, nimesema kweli?" Jiulize pia, "Mwenzangu akisikia hivi, atafanya nini?"

MAPATANO YA MWANZO

Kwa hiyo, kabla ya kugawa karata, patanani mambo matatu.

Kwanza, dokezo lina maana gani kwenu? Mapatano mazuri kwa wanaoanza ni haya: karata moja ikidokezwa kwa rangi, maana yake "ishushe". Ikidokezwa kwa namba 5, maana yake "itunze".

Pili, karata mpya iwekwe daima upande wa kushoto, na ya kuweka kando itoke upande wa kulia, isipokuwa iliyodokezwa. Hivyo kila mmoja anajua mwenzake yu karibu kuondoa karata ipi, na anaweza kumwonya kwa wakati.

Tatu, nyuso zinyamaze. Kukohoa, kukunja uso au kuguna mwenzako anapogusa karata ni kudokeza bila ya kulipa punje. Mkifanya hivyo mchezo umekwisha maana yake. Mkitaka kusemezana juu ya kosa, ngojeni karata zikusanywe.

FAIDA YAKE

Katika nyumba nyingi mmoja ni mwepesi wa kusoma, na mwingine ndiyo kwanza anajifunza. Wakipata kazi ya pamoja, yule mwepesi huifanya yote, na mwingine hukaa kimya akitazama. Michezo mingine ya kushirikiana ina ubaya huo huo: mmoja huamuru, mwingine husogeza vitu tu. Hapa haiwezekani. Aliye mwepesi haoni karata zake hata moja. Anayezijua ni mwenzake peke yake, naye hana budi kumngojea na kumwamini.

Mchezo ukiisha, tazameni karata ya juu ya kila mstari mkajumlishe. Tuseme nyeupe imefika 4, nyekundu 3, buluu 5, manjano 2, kijani 3. Jumla ni 17. Hesabu kubwa kabisa ni 25. Usiku wa kwanza mkipata 10 au 12 msione haya. Iandikeni katika daftari pamoja na tarehe, na kesho mjaribu kuipita.

Basi, somo limekwisha. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Karata ni 50, na watu 2 wamepewa 5 kila mmoja. Rundo lina karata ngapi?
2. Kwa nini namba 5 itunzwe kuliko namba 1?
3. Punje zimekwisha, nawe wataka kumdokeza mwenzako. Ni lazima mmoja wenu afanye nini kwanza?
4. Bwana angeweza kumdokeza bibi nini mahali pa kusema, "Hii ni manjano"? Au ingefaa anyamaze na kufanya jambo jingine?