Kuikagua Namba Kubwa



Agosti 2019 jirani zetu wa Kenya walihesabiwa, na jumla iliyotangazwa ni watu 47,564,296. Namba ya ukubwa huu wengi wetu huipokea kwa heshima na kuiacha hapo hapo. Mimi naamini ina mengi ya kutuambia hata kabla hatujauliza ni nani waliohesabiwa.

Namba hiyo ni 8 × 13 × 19 × 24,071, na 24,071 ni namba tasa. Hiyo 13 huonekana bila kugawanya kirefu. Zidisha 7 kwa 11 kwa 13, utapata 1,001, yaani elfu na moja juu yake; kwa hiyo ukigawanya kwa yoyote ya hizo tatu, elfu ni sawa na −1. Basi ikate namba penye mikato, uyajumlishe na kuyatoa mafungu kwa zamu ukianzia kulia: 296 − 564 + 47. Jibu ni −221. Kwa kuwa 221 ni 13 × 17, sensa nzima inagawanyika kwa 13, lakini kwa 7 au 11 haigawanyiki.

Faida ya mbinu kama hii ni kukagua hesabu. Ripoti ilitaja wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na watu wenye jinsia mbili 1,524. Jumlisha tarakimu za kila namba, kisha za jibu lake, hadi ibaki moja, ambayo huonyesha baki la kugawanya kwa 9: 6, 7 na 3. Hizo ni 16, na 16 hurudi 7. Jumla kuu nayo hutoa 7. Wanahisabati wa Kiarabu waliijua kanuni hii ya tisa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Ila tisa ina upofu wake. Karani akiandika 24,014,761 badala ya 24,014,716, tarakimu ni zile zile, na tisa haistuki. Kumi na moja hustuka. Namba sahihi ya wanawake hugawanyika kwa 11 bila baki. Iliyokosewa hubakiza 1. Na si bahati: tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, namba husogea kwa 9 mara tofauti yao, mara kipeo cha kumi, na humo 11 haimo kamwe. Kosa hilo ndilo hasa humpata mchuuzi wa mpaka wa Kenya na Uganda anayeandika shilingi za nchi mbili katika daftari moja.

Ukaguzi huu hauthibitishi kwamba kila nyumba ilifikiwa. Hulinda namba isiharibike njiani, kutoka karatasi hadi karatasi, na kwangu hilo si dogo.

Walimu wenzangu wa Nabuyoga, hapa kwetu Uganda, nawaomba: chukueni namba hizi za sensa mzipeleke darasani. Hazihitaji kompyuta wala vitabu vipya. Mtoto anayejua kujumlisha na kutoa aachwe azikague mwenyewe.