Vitamutamu vya Melini na Vitumbua vya Mapipa

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Magomeni



Mwaka jana aliyesimama hapa alikuwa daktari, na mwaka juzi alikuwa mhandisi wa barabara. Mwaka huu kamati imemwita mpishi. Katibu aliniomba nieleze safari zangu baharini, nami nimeona nisiwachoshe kwa majina ya bandari. Nitasema juu ya jambo moja tu: kwa nini vitamutamu vinavyotolewa baada ya chakula katika meli kubwa za watalii havina ladha. Msicheke. Jambo hili dogo lilinifundisha mengi kuliko bandari zote.

Wenzangu wa darasa la 1983 wanakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari ilikuwa ya foleni. Mtu aliamka alfajiri, akapanga mstari dukani, na pengine akarudi na kilo moja au mikono mitupu. Wakati huo mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua pale Magomeni Mapipa, na ada na sare yangu vilitoka katika chuma kile cha vitumbua. Jioni alivuka Jangwani kwa miguu kwenda Kariakoo kununua mchele, nazi na iliki. Usiku aliloweka mchele. Alfajiri ulikwisha kusagwa, ukachanganywa na tui zito na hamira, ukaumuka. Kwa kuwa sukari ilikuwa haba, alitia kidogo mno, akaongeza tui na iliki. Na vitumbua vile viliisha kabla ya saa mbili asubuhi.

Nakiri mbele yenu jambo ambalo sikupata kulisema. Baadhi yetu tulikuwa tukitaniana kwa kazi za wazazi wetu. Ili nisionekane, nilikuwa nikizunguka kwa Usalama nije shuleni, nisipite mbele ya jiko la mama yangu.

Mwaka 1994 nilipata kazi katika meli ya watalii, nikapangwa jiko la mikate na keki. Meli ilichukua abiria wapatao 1,500. Siku ya kwanza nilipoiona meza ya vitamutamu nilisimama nikashangaa. Kulikuwa na keki za ghorofa tatu, pudini za rangi ya waridi, matunda yaliyong'aa kama vioo, na ndege wa barafu katikati. Usiku, kazi ilipokwisha, nilionja kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Ndugu zangu, nikifumba macho sikuweza kutambua kipi ni kipi. Vyote vilikuwa baridi, laini, na sukari tupu.

Nilidhani kosa ni la wapishi. La hasha. Wapishi wale walikuwa mafundi, na ushahidi ulikuwa mkate. Mkate wa meli ile ulikuwa mzuri sana, wenye ganda gumu na harufu iliyowaamsha watu. Ulitoka katika tanuri zile zile na mikono ile ile. Tofauti ni kwamba mkate ulikandwa na kuokwa kila usiku, ukaliwa asubuhi. Keki ilitengenezwa mapema, ikagandishwa, ikangojea siku yake. Kwa hiyo kosa halikuwa katika mikono. Lilikuwa katika mpango.

Nieleze mpango huo. Kwanza ni wingi. Sahani 800 hutakiwa zitoke jikoni kwa dakika chache, kisha zamu ya pili ya walaji huingia. Kitu kisichoweza kungoja hakifai. Siagi huyeyuka na krimu ya maziwa huchacha, basi hutiwa mafuta ya mimea yaliyopigwa yakawa povu, na jelatini ili umbo lisianguke. Kitu husimama vizuri, lakini mdomoni huacha utando wa mafuta.

Pili ni usalama. Ugonjwa wa tumbo ukiingia melini huenea kama moto, kwa sababu watu hawana pa kwenda. Meli zinazofika Marekani hukaguliwa na idara ya afya ya nchi ile kwa utaratibu ulioanza miaka ya 1970. Mayai mabichi hayaruhusiwi katika pudini isiyopikwa. Hutumika mayai yaliyokwisha pashwa moto kiwandani. Hilo ni jambo la haki, wala silipingi. Lakini si yai la kuku wa jana.

Tatu ni baridi. Ulimi hausikii utamu vizuri kitu kikiwa baridi. Jaribuni nyumbani: acheni aiskrimu iyeyuke, muinywe. Mtaona imezidi sukari. Kitu kitokacho kwenye jokofu lazima kitiwe sukari nyingi ili kisikike kitamu, na sukari nyingi huua harufu ya kila kiungo kingine.

Nne ni kuogopa kumuudhi mtu. Abiria wanatoka mataifa mengi. Iliki itamchukiza huyu, zafarani itamshangaza yule, tangawizi itamwasha mwingine. Mwisho huondolewa kila chenye jina, kikabaki kile ambacho hakuna anayekilalamikia na hakuna anayekikumbuka.

Siku hizi wingi umezidi. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 ikijaa. Hebu fikirini chuma cha vitumbua cha watu hao.

Mimi nilifikiri. Usiku mmoja wa Idi niliomba ruhusa nikawapikia wafanyakazi wenzangu vitumbua. Mhindi wa kusini alikula akasema kwao hupikwa vile vile, katika chuma chenye mashimo. Mfilipino akasema mchele na nazi ni sikukuu ya kwao. Tulikula vikiwa vya moto, tumesimama, hakuna sahani. Mkuu wa jiko akaja, akala vinne. Kisha akaniuliza, "Unaweza kutoa 1,500 kesho saa moja na nusu jioni, vyote kwa pamoja?" Nikanyamaza. Nilijua ningeweza tu kwa kuvikaanga tangu asubuhi, kuviweka kwenye jokofu na kuvipasha moto. Vingekuwa mawe. Tangu siku ile niliacha kuwacheka wapishi wa keki.

Ndugu Mwenyekiti, laiti somo lile lingeniingia sawasawa. Katika barua zangu nilikuwa nikimwandikia mama aache kukaanga barabarani, kwani ni aibu kwa mwanamke mwenye mtoto melini. Akanitii. Mwaka 2001 nilirudi, nikafungua duka la keki hapa Magomeni. Nilipika nini? Nilipika vya melini: keki ndefu, mafuta ya mimea, rangi ya waridi. Mwezi wa kwanza watu walinunua kwa macho. Mwezi wa nne walikuja wenye harusi tu. Nilimpelekea mama kipande. Alionja, akakiweka chini taratibu, akasema, "Kizuri, mwanangu. Nani amekipika?"

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimwomba anifundishe. Hakuwa na mizani. Alipima kwa kiganja na kusikiliza tui linavyolia kwenye chuma. Nilikaa naye majuma matatu, mimi mwenye vyeti vya upishi, nikiunguza. Leo duka langu linauza vitumbua na mkate wa kumimina tangu alfajiri hadi saa nne. Vikiisha, tunafunga. Kuna watu huniambia nipike zaidi niweke akiba. Nawajibu kwamba nimeshaiona hiyo akiba ilivyo. Mama alivionja kwa miaka sita kabla hajatutoka, na mara ya mwisho hakuuliza nani amepika.

Vijana, sisemi msiende baharini. Bahari ilinijengea nyumba. Lakini nendeni mkijua haki zenu. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika 2013, ambao enzi yangu haukuwepo. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya ndizo zinazoweza kuwa zako. Tena mahali panapofuatwa kipimo cha juu cha saa za kazi, si zaidi ya saa 14 kwa siku, wala 72 kwa siku saba. Atakayekuomba fedha ili akupe nafasi, muage kwa adabu.

Na kama mzazi wako anauza kitu njiani, pita njia hiyo hiyo. Msalimie mbele ya wenzako.

Namaliza kwa pendekezo moja kwa kamati. Nimeona mezani keki zilizoletwa leo kwa maboksi. Zinapendeza. Lakini nje ya lango hili wapo mama zetu watatu wenye majiko ya mkaa, na nilipopita asubuhi harufu ya iliki ilinifuata hadi ndani. Mwakani fedha ile ile tuwape wao, waje wakaange hapa uwanjani, tule vikiwa vya moto tumesimama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.