Namba ya Shangazi Haikuwa Dhamana ya Mkopo Wako
(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Muleba)



Naanza na shangazi. Tuseme yuko Kamachumu, simu yake ya kitochi, mtandaoni hajakopa hata senti. Anapokea meseji: mtoto wa kaka yako ni tapeli, mwambie alipe. Kumbe kijana alikopa elfu thelathini kwenye programu ya simu, nayo ikachota majina yote aliyohifadhi. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ikazipiga marufuku. Sawa. Na fedheha ya shangazi je?

Wengi wetu tunadhani wa kulalamika ni aliyekopa. Hapana jamani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mwenye taarifa, na namba ile ni ya shangazi. Anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume inaweza kuagiza alipwe fidia.

Mahakamani ndiko kulikokuwa kugumu. Mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria ya kudai haki za msingi. Ulipokwenda Mahakama Kuu kudai haki ya Katiba, ikiwemo faragha ya ibara ya 16, ilikuwa lazima uambatanishe kiapo kuonyesha wewe binafsi umeathirikaje. Sasa ungeapa nini kama hukujua taarifa zako zimetoka?

Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017. Miaka saba baadaye ndipo gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika madai kwamba Tigo iliwapa watu wa serikali taarifa za simu zake na mahali alipo. Yalitokea London, kwenye shauri la mfanyakazi wa zamani wa Millicom, waliokuwa wamiliki wa Tigo, akilalamikia kuachishwa kazi. Kesi yenyewe haikuwa hata ya Lissu!

 Leo, msifute meseji. Zipigeni picha, namba, tarehe na saa vionekane. Shangazi wa simu ya kitochi mpigie picha wewe. Aliye nazo anifuate pale chini ya mwembe, tuandike malalamiko kabla hatujatawanyika.