Hotuba ya Mwenyekiti: Mzee Aulizwe Mwenyewe



Miaka kumi si mchezo. Ya hisa na mikopo ameshayasema Mweka Hazina, sitarudia. Mimi nina neno juu ya mfuko wetu wa jamii, hasa ile safari ya kuwaona wazee kwenye makazi yao.

Mtakumbuka tulibeba sukari, mchele, sabuni na khanga doti ishirini. Tukaimba, tukapiga picha, tukagawa. Bibi mmoja nilimfunga khanga mwenyewe kwa furaha yangu. Akanishika mkono akasema, "Ahsante mwanangu, lakini hata jina hujaniuliza." Jamani, nilitahayari. Nikakaa naye mkekani.

Akanieleza kwamba anakula, analala pazuri, hapigwi. Kinachomkera ni kuogeshwa alfajiri maji yakiwa baridi, maana ndivyo zamu ya wahudumu inavyokwenda. Chakula ni kimoja kwa wote. Yeye alikuwa mpishi wa shughuli, leo mwiko hashiki, anaambiwa "bibi pumzika." Kupumzika tangu asubuhi mpaka jioni!

Wale wahudumu siwalaumu. Siku ile walikuwa wawili kwa wazee zaidi ya thelathini. Una mzee wa kugeuzwa, una wa kulishwa, mwingine hajui hata alipo, utapata wapi nafasi ya kumuuliza kila mmoja anapenda kuoga saa ngapi? Hapo ndipo penye ugumu, wala sukari yetu haikuugusa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee atunzwe kwanza na familia na jamii, makazi yawe ya mwisho. Kwa hiyo makazi kama Nunge kule Kigamboni ni ya wachache, na wengi tunao majumbani. Je, sisi tunawauliza? Mimi mama mkwe wangu nilimficha kisu, ati asijikate. Kumbe alikuwa akienda kuazima kwa jirani ili amenye mihogo yake! Nilipomrudishia, na maneno ya kulalamika yalipungua.

Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni, wakati ule Sh. 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Si nyingi, ila mzee anaamua mwenyewe anunue tumbaku au samaki.

Sasa ombi langu. Badala ya kwenda wote mara moja kwa mwaka na kamera, twende wawili wawili kila mwezi. Tukae, tusikilize, tubebe kile tulichoagizwa. Na tuuombe uongozi wa pale siku moja yule bibi asimamie jiko, sisi tuwe wakuna nazi wake. Katibu atasema nauli, namjua! Hesabu nimeshampa, mfuko unaimudu tukipunguza sare za sherehe kama hizi. Najua wengine mtanuna.

Jumamosi tutapiga kura kabla ya kufunga sanduku. Wenye funguo tatu msichelewe.