NYUMBA KUUKUU AU NYUMBA YA MPANGO WA SERIKALI?

(Maneno ya Kamati mbele ya mkutano wa wanachama)



Wengi wenu mmekuja ofisini na swali moja. Mtu ana fedha kidogo mkononi, pengine akiba ya Sacco, pengine malipo ya kupunguzwa kazini. Je, anunue nyumba kuukuu, alipe mara moja, akabidhiwe hati yake? Au aingie katika mpango wa Serikali, atoe amana, alipe kidogo kidogo kila mwezi? Leo twataka kulijibu swali hilo kwa hesabu, maana maneno matamu mmekwisha kuyasikia ya kutosha.

Kwanza tukumbushane kwamba jambo la nyumba si geni kwa vyama vya wafanyi kazi wa nchi hii. Wafanyi kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, kodi ya vyumba ilikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Na hata leo, Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka tajiri ampe mfanyi kazi nyumba inayofaa, au ampe fedha za kutosha kupanga nyumba. Kwa hiyo, yeyote ambaye marupurupu ya nyumba hayaonekani katika karatasi yake ya mshahara, wala hayakutajwa kuwa yamo ndani ya mshahara, na aje kwa katibu kabla hajaanza kuota habari za kununua.

Sasa tuje kwenye makato. Mahakama Kuu iliyakataa yale ya mwaka 2023, lakini mwezi wa Machi 2024 ikatiwa sahihi Sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu. Kwa sheria hiyo hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na tajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye mshahara wa Shs. 40,000/- hukatwa Shs. 600/-, na tajiri wake huongeza Shs. 600/-. Kwa mwaka ni Shs. 14,400/-. Ndugu zetu wengi hudhani kwamba fedha hizo zinawangoja mahali fulani, kama akiba. Hapana! Huo ni ushuru. Kukatwa hakukupi nyumba, wala hakuhesabiwi kuwa amana yako. Anayetaka nyumba yampasa ajiandikishe na atafute amana mbali na makato hayo.

Watu wengine husema kwamba mpango huu ni wa kushirikiana na Serikali katika kuimiliki nyumba. Si hivyo. Mpango wa namna hiyo ulikuwako Uingereza tangu 2013 hata 2023. Kwa nyumba mpya tu, Serikali ya huko ilimkopesha mnunuzi hadi asilimia 20 ya bei, na katika London hadi asilimia 40 tangu 2016. Miaka mitano ya kwanza hapakuwa na riba. Lakini deni lilifuata thamani ya nyumba. Aliyenunua kwa pauni 200,000 akapewa 40,000, kisha nyumba ikapanda hata 260,000, alitakiwa kurudisha 52,000. Twalitaja hilo kwa sababu siku moja mtu aweza kuja na mpango kama huo hapa kwetu. Mkiusikia, ulizeni kwanza: deni ni shilingi zilizohesabiwa, au ni fungu la nyumba?

Wetu ni wa mpangaji kununua. Unaingia, unakaa, unalipa, na nyumba huwa yako kamili ukimaliza. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nyumba ni Shs. 2,000,000/-, na amana ni asilimia 10, yaani Shs. 200,000/-. Imebaki Shs. 1,800,000/- ya kulipwa kwa miaka 25. Bila riba ingekuwa Shs. 6,000/- kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 6 inakuwa kama Shs. 11,600/-, na mwisho wa miaka hiyo umetoa karibu Shs. 3,480,000/- juu ya amana. Tena iko ada ya lifti, maji, ulinzi na usafi wa jengo, ambayo haiishi hata deni likiisha.

Kwa kijana wa miaka 28 mwenye kazi ya kudumu, hesabu hiyo si mbaya. Kodi anayolipa sasa haimwachii hata tofali. Lakini mwenye miaka 48 atakuwa akilipa mpaka afike 73, na kazini atatoka akiwa na 60. Nani atalipa miaka ile 13? Hapo ndipo kamati yetu ina wasiwasi mkubwa. Sisi ni watu wa mishahara, na mmeona wenyewe jinsi kiwanda kinavyoweza kufunga lango Ijumaa bila ya neno. Kabla ya kutia sahihi, tafuteni katika mkataba kifungu cha mtu aliyeshindwa kulipa: hupewa miezi mingapi, na fedha alizokwisha toa huenda wapi. Tena sheria hiyo ya 2024 yakataza kuuza nyumba bila ya idhini ya maandishi ya Bodi. Ukihamishwa kikazi kwenda Kisumu, huwezi tu kumwuzia jirani ukaenda zako.

Nyumba kuukuu nayo ina mambo yake. Uzuri wake ni kwamba ukilipa umelipa. Ukiachishwa kazi, hakuna wa kukugongea mlango mwisho wa mwezi. Waweza kupangisha chumba, waweza kufuga kuku ukiwa na ua. Lakini bei ya muuzaji si bei yote. Mjini kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4, na mashambani asilimia 2, kisha ada ya wakili. Nyumba ya Shs. 2,400,000/- yataka Shs. 96,000/- za stempu peke yake.

Halafu tazameni nyumba yenyewe. Nendeni siku ya mvua, si siku ya jua. Fungueni mifereji yote. Mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kwa ndani, na nyaya za umeme za miaka hiyo hazikuwekwa kwa ajili ya pasi, friji na jiko kwa pamoja. Paa la asbesto ni hatari kwa mapafu. Msilivunje wenyewe kwa nyundo, maana kazi hiyo yataka watu wenye kibali. Mchukueni fundi mnayemjua ninyi. Fundi wa muuzaji huona nyumba zote ni nzima.

Kubwa zaidi ni karatasi. Fanyeni sachi ya hati, ama katika ofisi ya ardhi, ama kwa Ardhisasa kwa viwanja vya Nairobi. Ulizeni lizi imebakiza miaka mingapi. Lizi ya miaka 99 iliyoanza 1974 itakwisha 2073, na benki huitazama miaka hiyo kabla ya kukopesha. Ulizeni kama kuna reti za kaunti ambazo hazikulipwa, kwa sababu deni hilo hufuata kiwanja. Na kama nyumba ni ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi.

Kuhusu fedha: kanuni za 2020 humruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kukaa, bila kupita Shs. 7,000,000/-. Kamati haikatazi. Lakini hicho ni chakula chako cha uzeeni, na ukuta hauliwi.

Maoni yetu basi ni haya. Aliyepita miaka 45, mwenye fedha za kutosha, na atafute nyumba kuukuu yenye hati safi, lakini abakize sehemu kwa matengenezo na miezi sita ya chakula. Kijana asiye na kitu ila mshahara wa kudumu, mpango wa Serikali waweza kumfaa, akiusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. Ambaye hana fedha wala kazi ya kudumu asikope kwa shoti ili apate amana.

Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, ileteni ofisini tuitazame pamoja. Na wale wanaotaka kuanza akiba ya pamoja ya amana waandike majina yao kwa katibu leo, kabla hatujafungua maswali.