Baada ya Arobaini, Mwili Unadai Siku Zake

Aprili 15, 2024, mjini Boston, Marekani, Edna Kiplagat wa Kenya alimaliza marathoni katika nafasi ya tatu kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 21. Mshindi, Mkenya mwenzake Hellen Obiri, alimtangulia kwa sekunde 44 tu. Kiplagat alikuwa na umri wa miaka 44. Siku sita baadaye, jijini London, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, mwenye miaka 41, akashika nafasi ya pili kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15.

Habari kama hizi huwapa kichwa maveterani wa mpira wa Jumapili asubuhi. Mtu wa miaka 48 ameshinda wiki nzima kwenye kiti cha ofisi au nyuma ya usukani. Anafunga bandeji gotini, anazungusha mikono mara mbili tatu, anaingia uwanjani. Dakika ya kumi unapigwa mpira mrefu, anautimulia mbio kama wa miaka ishirini, na ghafla kashika nyama za paja. Wiki tatu anachechemea. Nyumbani anaambiwa aache, umri umekwenda.

Umri umekwenda kweli, lakini kuacha ndiko kunakozidisha hasara. Kuanzia miaka ya thelathini mwili hupoteza misuli kidogo kidogo. Uwezo wa moyo na mapafu kuifikishia misuli oksijeni nao hushuka, kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Anayeendelea kutoka jasho la kweli hupunguza sana kasi ya kushuka huko.

Kinachomponza veterani wetu ni hesabu ya siku. Zoezi kali huacha michubuko midogo mno ndani ya misuli, na mwili huikarabati ukiwa umepumzika, hasa usingizini, kwa kutumia protini iliyotoka kwenye maharage, dagaa, mayai au maziwa. Umri ukisonga, misuli huitumia protini hiyo kwa uvivu zaidi. Kano, zinazopata damu kidogo, huchelewa kupona kuliko misuli yenyewe. Uchovu ambao kijana huumaliza kwa usiku mmoja, mwenye miaka hamsini huenda akaubeba siku mbili au tatu.

Wakimbiaji wakubwa wanalijua hilo hata kabla ya kuzeeka. Katika kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret, alikonolewa Eliud Kipchoge na kocha Patrick Sang, siku ngumu zimekuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku za katikati watu hukimbia taratibu, mwendo wa kupiga soga. Kwa utaratibu huo Kipchoge aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2022, saa 2:01:09, akiwa na miaka 37. Ikiwa wanaolipwa kukimbia hawajikamui kila siku, mhasibu wa miaka 48 anaharakishwa na nani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Waliotimiza miaka 65 huongezewa mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili, siku tatu au zaidi, ili wasianguke. Kiwango hicho hakiwezi kubebeshwa Jumapili peke yake. Matembezi ya haraka Jumatatu na Ijumaa, kuchuchumaa na kuinuka Jumatano, vinatosha kuufanya mpira wa Jumapili usiwe mshtuko. Na timu zenyewe zina la kufanya: robo saa ya kupasha misuli kabla ya mpira kuguswa, na ruhusa ya wachezaji kutoka, kupumua na kurudi bila kuzomewa.